Wekundu Usiotoka na Doa Jeupe

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu amelivaa mwilini, lakini ni wachache waliojiuliza asili yake. Jambo hilo ni rangi ya nguo: jinsi inavyotiwa, na jinsi inavyoondolewa.

Pengine yamekupata haya. Kanzu nyeupe ililowekwa katika beseni moja na kanga mpya, ikatoka ina madoa mekundu. Lakini iko nyekundu nyingine ambayo huilowesha, huifua kwa sabuni na kuianika juani mwaka mzima, nayo haitoki hata kidogo. Kwa nini moja hukimbia kwa maji matupu, na nyingine hukaa kama iliyozaliwa na uzi? Ili kujibu swali hili, hatuna budi kurudi nyuma miaka mingi.

Uko mmea ambao katika vitabu vya elimu ya mimea huitwa Rubia. Mizizi yake ina wekundu. Lakini ukiitwanga mizizi hiyo na kuichemsha pamoja na kitambaa cha pamba, utapata rangi hafifu, nayo itakwenda na maji ya kwanza ya kufulia. Rangi hiyo na pamba havipatani vyenyewe. Lazima awepo mshenga baina yao. Mshenga huyo ni shabu, ile ile iuzwayo madukani kama mawe meupe. Shabu huushika uzi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili huishika rangi, hata vitatu vikawa kitu kimoja. Watu wa Bara Hindi waliijua elimu hii zamani sana. Katika magofu ya Mohenjo-daro, ambayo leo yamo katika nchi ya Pakistan, kilionekana kipande cha pamba kilichotiwa wekundu wa Rubia, na umri wake wapata miaka 4,000.

Elimu hiyo ikasafiri hata nchi za Waturuki. Huko mafundi waliiloweka pamba katika mafuta, samadi ya kondoo, maji ya majivu na shabu, wakaianika na kuirudia tena na tena, kazi ya majuma mengi, ndipo wakaitia katika sufuria ya Rubia. Nyekundu yao ilisifiwa kila soko, kwa kuwa haikuogopa sabuni wala jua. Watu wa Ulaya waliitamani sana siri hiyo. Wafaransa waliipata katikati ya karne ya 18, na mwaka 1785 fundi mmoja Mfaransa, jina lake Papillon, akaanza kuifanya huko Glasgow katika nchi ya Scotland.

Basi tuiache nyekundu kidogo, tutazame nyeupe. Wengi hudhani ya kuwa nguo nyeupe ni nguo isiyotiwa kitu. Sivyo. Pamba na kitani vikitoka kwa mfumaji huwa na rangi ya udongo, kama ile nguo ya merikani waliyoijua wazee wetu. Hapo kale watu wa Ulaya waliichemsha nguo katika maji ya majivu, wakailoweka katika maziwa yaliyochacha, kisha wakaitandaza majanini ipigwe na jua na umande. Kazi hiyo ilikula miezi, na mashamba mazima yalifunikwa kwa nguo.

Mwaka 1774 mtaalamu mmoja wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, aligundua hewa ya rangi ya manjano na kijani, yenye harufu ya kukata pumzi. Aliona ya kuwa hewa hiyo huyafanya maua na majani kuwa meupe. Ndiyo iitwayo klorini. Mwaka 1785 Mfaransa Berthollet akaonyesha kwamba yaweza kung'arisha nguo. Kisha mwaka 1799 Charles Tennant wa Glasgow akapata hati ya kuilinda kazi yake ya kuinywesha chokaa hewa hiyo, ikawa unga unaochukulika katika pipa. Kazi ya miezi ikawa kazi ya siku chache.

Sasa tazameni jinsi mambo haya mawili yalivyokutana katika mji mmoja: rangi isiyotoka, na dawa ya kuitoa. Mwanzo wa karne ya 19, mwenye kiwanda Henry Monteith wa Glasgow alitengeneza leso nyekundu zenye madoa meupe. Madoa yale hayakupakwa. Nguo zilizokwisha kutiwa wekundu zilipangwa moja juu ya moja, zikabanwa kwa nguvu nyingi baina ya mabamba mawili ya risasi yaliyotobolewa matundu. Maji ya klorini yakamiminwa matunduni, yakapenya nguo zote hata chini. Palipobanwa hayakuweza kuingia, pakabaki pekundu. Penye tundu rangi ikafa, pakawa peupe.

Wakati ule ule, huko Mulhouse, Daniel Koechlin alipata njia nyingine. Alipiga chapa ya asidi juu ya nguo nyekundu, kisha akaitia katika maji ya ule unga wa klorini. Wekundu ukaondoka pale tu palipokuwa na asidi, kwa kuwa hapo dawa huamka na kuwa kali sana.

Leso za kuchapwa zilifika hata pwani yetu. Nalo jina la leso latoka katika Kireno. Wanawake wa pwani walizishona pamoja wakapata vazi, na wengi husema kuwa kanga ilipata jina lake kwa madoa yaliyofanana na ya ndege kanga.

Lakini uzuri huo ulikuwa na gharama. Watu waliopakia unga wa klorini viwandani Uingereza walifunga vinywa vyao kwa vitambaa vya sufi vilivyokunjwa mara nyingi, na hata hivyo mapafu yao yaliharibika. Nao wakulima wa Rubia walipoteza soko lao, baada ya Wajerumani wawili, Graebe na Liebermann, kuivumbua mwaka 1868 njia ya kutengeneza wekundu ule ule kwa lami ya makaa ya mawe.

Basi, ndugu wasikilizaji, tujifunze nini? Kwanza, sabuni huondoa uchafu ulioshikamana na uzi, lakini klorini huivunja rangi yenyewe. Nayo haimjui rafiki wala adui: ikizidi, huula na uzi wa pamba, na sufi na hariri huziharibu kabisa. Kwa hiyo ichanganye na maji mengi, nawe uisuuze nguo upesi. Pili, na hili tafadhali liandikeni mioyoni: msichanganye kamwe dawa hiyo na ndimu, siki au asidi yoyote. Koechlin aliiamsha kwa tone dogo juu ya nguo. Wewe ukiiamsha ndani ya ndoo, katika chumba kilichofungwa, itakuletea ile hewa iliyoharibu mapafu ya wapakiaji.

Na kanzu yenye madoa mekundu? Iloweke mara moja katika maji baridi, kabla haijakauka. Rangi ambayo haijapata mshenga bado ni mgeni, na mgeni huondoka kwa upole.