Kutoka na Kukimbia: Dhana Mbili za Kiyahudi na Uwanda wa Uasin Gishu

Makala haya yanadai kwamba mapokeo ya Kiyahudi hutofautisha kutoka na kukimbia, na kwamba tofauti hiyo iligusa moja kwa moja historia ya nchi iliyopakana na Lumakanda, huko Kakamega.

Katika Torati, Abramu anatoka kwa kuitwa, ilhali Yakobo anakimbia hasira ya nduguye. Tukio la Misri limebeba dhana zote mbili. Wayahudi hulikumbuka kila Pasaka kuwa ni kutoka. Lakini katika sura ya 14 ya Kitabu cha Kutoka, Farao anapashwa habari kwamba watu wamekimbia. Tendo ni lilelile, msimulizi ndiye aliyebadilika. Nabii Isaya naye, katika sura ya 52, anaahidi ukombozi usio na haraka wala kukimbia. Hivyo basi, anayetoka ana agano mbele yake. Anayekimbia ana hatari tu nyuma yake.

Mwaka 1903, baada ya mauaji ya Kishinev, serikali ya Uingereza ilimpendekezea Theodor Herzl makazi ya Wayahudi katika Afrika Mashariki, na uwanda wa Uasin Gishu ndio uliokuja kukaguliwa. Max Nordau aliutetea mpango huo kama malazi ya usiku tu. Katika kongamano la Basel, wajumbe 295 waliunga mkono kutumwa kwa tume ya uchunguzi, 178 walipinga. Wengi wa wajumbe wa Urusi, ambao ndugu zao ndio waliokuwa hatarini, walikuwa upande wa wapinzani. Kwao, kimbilio lisilo Sayuni halikuweza kuitwa kutoka. Mpango ulikataliwa mwaka 1905.

Hata hivyo, wenyeji hawakuulizwa. Mwaka huohuo wa 1905 Waingereza waliwapiga vita Wanandi na kuwasukumia katika hifadhi. Kuanzia 1908 Makaburu wakalowea uwandani. Baada ya uhuru wa 1963, wakulima wadogo waligawiwa mashamba ya walowezi katika eneo la Lumakanda. Kwao huko kulikuwa kutoka. Lakini machafuko ya 1992 na ya 2007 hadi 2008 yaliwafanya wengi katika ukanda huo wakimbie mashamba waliyoyaona kuwa mwisho wa safari.

Kwa hiyo, mhakiki wa simulizi za safari asitosheke kuuliza nani anaondoka. Aulize pia nani anasimulia, na nani ameondolewa ili msafiri apate pa kufikia.