Ngeu na Bangili: Hematiti Katika Historia ya Kalemie

Neno "ngeu" lina maana mbili katika Kiswahili: rangi nyekundu ambayo seremala huitumia kupigia mstari juu ya ubao, na jeraha litokalo damu. Wagiriki nao waliliita jiwe lenye rangi hiyo kwa jina lililotokana na neno lao la damu. Jiwe hilo ni hematiti, oksidi ya chuma ambayo takriban asilimia 70 ya uzito wake ni chuma. Likisuguliwa hung'aa kwa weusi wa kijivu. Likisagwa huwa jekundu.

Mafundi wa Mesopotamia walithamini mng'ao huo, na takriban miaka 4,000 iliyopita walichonga mihuri ya hematiti. Katika nchi zilizo magharibi ya Ziwa Tanganyika, uzuri wa mtapo huo ulipatikana kwa moto. Mtapo ulitiwa tanurini pamoja na makaa, mivukuto ikapuliza, na chuma kikatengana na mavi yake.

Makaburi ya Sanga kando ya Ziwa Kisale, takriban kilomita 400 kusini-magharibi ya Kalemie, yalianza kufukuliwa kitaalamu mwaka 1957. Katika yale ya karne ya 8 hadi ya 13, wafu walizikwa na mapambo ya chuma na ya shaba. Ni dhahiri kwamba chuma hakikuwa cha jembe na mkuki tu. Kilikuwa pia pambo la heshima.

Katika karne ya 19 misafara ya pwani, iliyovuka kutoka Ujiji hadi Mtowa, ilileta shanga za kioo na masango. Mwaka 1891 Wabelgiji walianzisha Albertville, mji ulioitwa Kalemie tangu 1966. Na mwaka 1915 reli ya kutoka Kabalo ikafika ziwani. Bidhaa za viwandani zikaenea, na kazi ya kuyeyusha mtapo ikafifia.

Leo shanga nyingi zinazouzwa kwa jina la hematiti hutengenezwa viwandani; zile zinazonata kwa nguvu kwenye sumaku ni za namna hiyo, kwani hematiti halisi huvutwa kwa udhaifu sana. Basi mtafiti atakayetafuta jiwe lililong'arishwa peke yake ataikosa historia hii. Imo katika mavi ya chuma yaliyotapakaa ardhini na katika msamiati wa wahunzi, na vyote viwili hupotea visipoandikwa mapema.