Nani alitengeneza daftari la afya tunalolitumia Lualaba?

Kila mwanzo wa mwezi, kwenye vituo vya afya vya Dilala na Manika, muganga anafungua daftari na kuhesabu: watoto wangapi wamezaliwa, wangapi wamepata chanjo, watu wangapi wameugua malaria, wangapi wamekufa. Hesabu inaandikwa kwenye ripoti, ripoti inapelekwa ofisi ya zoni ya afya, na huko inaingizwa kwenye kompyuta. Programu inayoipokea inaitwa DHIS2. Wizara ya Afya inaitumia nchi nzima, kwa zoni zaidi ya 500.

Leseni ya programu hiyo haiuzwi. Maandishi yake ya ndani, yaani msimbo, yako wazi: yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuyatumia. Ndiyo maana ya programu huria. Chini yake kuna hifadhidata iitwayo PostgreSQL, ambayo nayo ni huria. Kazi hiyo ilianzia wapi?

Ilianzia Afrika Kusini. Utawala wa ubaguzi ulipoisha mwaka 1994, nchi ilirithi ofisi nyingi za afya, kila moja na fomu zake. Huko Cape Town, wataalamu wa nchi hiyo pamoja na watu wa Chuo Kikuu cha Oslo walitengeneza mfumo mmoja wa kukusanya hesabu za kila wilaya. Toleo la kwanza lilitegemea Access, programu ya kampuni ya Microsoft. Baadaye waliandika toleo jipya, DHIS2, lisilofungwa na kampuni yoyote, nalo likaanza kutumika India, jimbo la Kerala, mwaka 2006. Mwaka 2011 Kenya ililitandaza nchi nzima kwa njia ya intaneti. Nchi nyingi za Afrika zikafuata, na yetu pia.

Kisa cha pili kinatoka kijiji cha Mosoriot, karibu na Eldoret, Kenya. DHIS2 inajumlisha hesabu. Mosoriot walitaka kumfuata mgonjwa mmoja mmoja. Mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani waliweka hapo mfumo wa kompyuta wa kuandika wagonjwa. Ulifanya kazi vizuri kwa kituo kimoja. Lakini ulikuwa wakati wa UKIMWI, dawa zilikuwa zimeanza kufika, na wagonjwa wakawa maelfu. Mwaka 2004 madaktari Paul Biondich na Burke Mamlin walipokwenda Eldoret, waliona kwamba mfumo ule hauwezi kubeba mzigo huo. Wakaamua kuandika mwingine juu ya hifadhidata huria ya MySQL. Mwaka huohuo waliungana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health, na Chris Seebregts wa Afrika Kusini. Mfumo ukaitwa OpenMRS. Mwaka 2006 ulianza kutumika Eldoret, kisha Rwinkwavu, Rwanda.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu zaidi. Wanyarwanda hawakubaki wa kuingiza hesabu tu. Vijana wa Kigali walifundishwa kuandika programu yenyewe. Kutoka Uganda, Daniel Kayiwa akawa mmoja wa wahandisi wakuu wa OpenMRS, mtu ambaye msimbo wa wenzake wa nchi mbalimbali unapita mikononi mwake. Na kazi hiyo si kuandika vitu vipya tu. Sehemu kubwa ni kusoma malalamiko ya watumiaji, kutafuta kosa lilipo, kujaribu, kukagua kazi ya mwingine, kutafsiri, na kueleza kwa maandishi ili mgeni aelewe. Mwanafunzi anaweza kuanza na kosa dogo moja.

Kuna swali ambalo mtu wa Kolwezi lazima aulize: na kampuni ikiuzwa? Sisi tumeona migodi ikitoka kwa Union Minière kwenda Gécamines mwaka 1967, kisha washirika wa kigeni wakaja, na kila mara mwananchi alibaki akitazama. MySQL nayo iliuzwa. Mwaka 2008 ilinunuliwa na Sun, na mwaka 2010 Sun yenyewe ikaingia mikononi mwa Oracle. Lakini kwa sababu msimbo ulikuwa huria, mwanzilishi wake Michael Widenius alikuwa ameshauchukua mwaka 2009 na kuuendeleza kwa jina la MariaDB. Jina liliuzwa, kazi haikupotea. Shaba ikishatolewa ardhini imekwisha; msimbo ukinakiliwa na Kenya, Rwanda na Kongo, bado uko palepale.

Tusichanganye mambo mawili, maana watu wanaogopa. Msimbo kuwa wazi si siri ya mgonjwa kuwa wazi. Matokeo ya kipimo chako yanalindwa na ofisi inayoyatunza: neno la siri, seva, na sheria. Ofisi ikizembea, hakuna programu itakayokuokoa.

Kwa nini jambo hili ni zito Lualaba? Sensa ya mwisho ya nchi yetu ilikuwa mwaka 1984. Jimbo letu lilizaliwa mwaka 2015, na tangu hapo wengi wamehamia kwenye machimbo. Chanjo na dawa zinagawanywa kwa hesabu. Kituo kisipohesabiwa, au fomu isipokuwa na nafasi ya ugonjwa unaotusumbua, mtoto wa Kapata hayupo kwenye mpango wa mtu yeyote.

Fomu hiyo hubadilishwa na anayejua mfumo. Tukikosa mtu huyo hapa, tunangoja Kinshasa au ng'ambo. Vikwazo vipo: umeme unakatika, intaneti ni ghali, na mazungumzo mengi ya wahandisi hawa ni ya Kiingereza. Lakini Eldoret na Kigali nao hawakuanza na kila kitu. Hapa Kolwezi tuna chuo kikuu, tuna vijana wanaosoma informatiki, na tuna ofisi za zoni zenye matatizo halisi ya kutatua. Waalimu wakiwapa wanafunzi wa mwaka wa mwisho tatizo moja la zoni ya Manika badala ya zoezi la kubuni, kazi hiyo ya mtihani itabaki na faida hata baada ya diploma.