Muflisi na Mfilisi: Kumbukumbu za Madeni Mahakamani na Istilahi Zake, kwa Mfano wa Haydom

Utangulizi

Sheria Na. 1 ya mwaka 2021 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama katika Tanzania Bara. Tangu hapo wafasiri wetu wamekabidhiwa kazi ambayo hapo zamani ilikuwa ya wachache, yaani kuzisoma kumbukumbu za mahakama zilizoandikwa kwa Kiingereza na kuzieleza kwa lugha ya taifa. Katika makala haya tumekusudia kutazama fungu moja la kumbukumbu hizo, nalo ni lile la ufilisi. Tumeichagua Haydom, katika Wilaya ya Mbulu, iwe mfano wetu, kwa sababu mji mdogo ulio mbali na Mahakama Kuu huonyesha vizuri zaidi mahali ambapo mtafutaji hupotea njia.

Asili ya neno

Neno muflisi limetoka katika Kiarabu, nalo lina uhusiano na jina la sarafu ndogo ya shaba. Muflisi ni mtu ambaye fedha yake imekwisha, amebakiwa na vijisenti vya shaba tu. Waswahili wa pwani walilipokea pamoja na sheria ya Kiislamu ya biashara, kisha wakaliendeleza kwa sarufi yao wenyewe: kufilisi ni kumtoa mtu katika mali yake, kufilisika ni kufikwa na hali hiyo, ufilisi ni hali au shughuli yenyewe, na mfilisi ni yule anayeitekeleza.

Hapa ndipo penye hatari. Wengi huandika mufilisi badala ya muflisi. Wakifanya hivyo, mtu aliyepoteza mali na mtu aliyekabidhiwa kuigawa mali hiyo hutenganishwa na herufi moja tu. Karani akiisahau u moja, mdeni amegeuka kuwa msimamizi wa madeni yake mwenyewe. Jambo hili si la mzaha. Muflisi ambaye hajaondolewa ufilisi hazuiliwi na aibu peke yake. Sheria ya makampuni humkataza kuwa mkurugenzi wa kampuni bila kibali cha mahakama. Kumwandika mtu muflisi kwa makosa ni kumvunjia heshima na kumzibia riziki.

Sheria na mwendo wake

Sheria ya Ufilisi ya Tanganyika ilitungwa mwaka 1930, kwa kufuata kielelezo cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1914. Baadaye ikawekwa katika vitabu vya sheria zetu kuwa Sura ya 25. Mamlaka yake yamo mikononi mwa Mahakama Kuu. Mwendo wake ni wa hatua, na kila hatua huacha karatasi yake. Kwanza mdai, au mdeni mwenyewe, huleta ombi. Mahakama ikiridhika hutoa amri ya upokezi, ambayo huiweka mali chini ya ulinzi wa ofisa wa serikali. Kisha wadai hukutana, na mdeni huhojiwa hadharani. Baada ya hayo ndipo mahakama humtangaza kuwa muflisi, na mali hugawanywa kwa wadai waliothibitisha madeni yao. Mwisho, akistahili, huondolewa ufilisi.

Msomaji na azingatie kwamba amri ya upokezi bado haijamfanya mdeni kuwa muflisi. Mfasiri anayeziita hatua zote mbili kwa neno moja, amefilisika, amemhukumu mtu kabla ya mahakama.

Mahali pa kutafuta

Kwa kuwa mamlaka ni ya Mahakama Kuu, mtu akienda katika mahakama ya mwanzo kuuliza jalada la ufilisi atarudi mikono mitupu. Njia iliyo fupi huanzia katika Gazeti la Serikali, kwani amri ya upokezi na tangazo la ufilisi hutakiwa kuchapishwa humo. Tangazo hutaja jina, kazi na makazi ya mdeni, pamoja na namba ya shauri. Kwa namba hiyo ndipo jalada huombwa katika masjala ya Mahakama Kuu. Karatasi za usimamizi wa mali zilikuwa kwa Kabidhi Wasii Mkuu, na tangu mwaka 2006 kazi hiyo imo katika Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Majalada ya kale ya utawala, pamoja na vitabu vya wilaya, hutafutwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Kwa mtafutaji wa Haydom kuna mambo mawili zaidi ya kujihadhari nayo. La kwanza ni mipaka. Mbulu ilikuwa chini ya Jimbo la Kaskazini, makao yake Arusha. Baadaye ikawa katika Mkoa wa Arusha. Na tangu mwaka 2002 imo katika Mkoa wa Manyara. Hanang nayo ilimegwa kutoka Mbulu. Kwa hiyo mtu mmoja, asiyehama nyumba yake, aweza kuandikwa chini ya mikoa miwili au mitatu. La pili ni tahajia. Kiiraqw kina sauti zinazoandikwa tl, sl, hh na q, ambazo makarani wageni waliziandika kila mmoja kwa sikio lake. Haydom yenyewe huonekana pia kama Haidom. Yafaa kutafuta kila jina kwa sura zake zote.

Maana ya ukimya

Hata baada ya juhudi hizo, mtafutaji hataona wakulima na wafugaji wengi katika majalada ya ufilisi ya wakati wa ukoloni. Je, hawakuwa na madeni? La hasha. Sheria ya mwaka 1931 ya kuzuia mikopo kwa wenyeji ilifanya deni la Mwafrika kwa mfanyabiashara asiye Mwafrika lisidaiwe mahakamani, isipokuwa kwa maandishi yaliyoidhinishwa na ofisa wa utawala. Aidha, mashauri ya Waafrika wenyewe yalisikilizwa katika mabaraza ya wenyeji, ambayo sheria ya mwaka 1929 iliyaweka chini ya maofisa wa utawala badala ya Mahakama Kuu. Utengano huo ulikomeshwa na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963.

Basi madeni ya watu wa Haydom na atafutwe katika madaftari ya madai, chini ya maneno kama mdai, mdaiwa, kukazia hukumu, kukamata mali na mnada. Hayo si ufilisi. Katika kukazia hukumu, mdai mmoja hudai haki yake peke yake. Katika ufilisi, wadai wote huletwa mezani pamoja. Vilevile jalada lenye neno ufilisi laweza kuwa la chama cha ushirika, kwani vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, na karatasi za aina hiyo hutafutwa kwa Mrajis wa vyama hivyo.

Tena kuna swali la mali. Wafugaji wa nchi hii huwekeana mifugo. Ng'ombe walio zizini kwa mtu si lazima wawe wake. Sheria ya ufilisi nayo haigawi kwa wadai mali ambayo mdeni ameishika kwa amana ya mwingine. Mfasiri akiandika ng'ombe wake mahali ambapo shahidi alisema ng'ombe walio kwake, amewachukua ng'ombe wa jirani kwa kalamu.

Mapendekezo

Tunapendekeza, kwanza, kwamba mdeni aliyetangazwa na mahakama aitwe muflisi, bila i baada ya f. Pili, anayekabidhiwa mali yake aitwe msimamizi wa mali ya muflisi, na neno mfilisi liachiwe yule anayevunja kampuni au chama. Tatu, amri ya upokezi isifasiriwe kamwe kwa neno kufilisika. Nne, kufilisi kwa maana ya kunyang'anya kubaki katika mazungumzo, kusiingie katika hati za mahakama.

Istilahi hizi tunaziweka mbele ya walimu, wafasiri na watumishi wa serikali wazijaribu katika kazi zao. Nyuma ya kila jalada yuko mtu na jamaa zake, na wajukuu watakaolifungua siku moja wana haki ya kusoma humo jambo lililotendeka, si lile lililozushwa na herufi moja.