SENETA SCOTT WIENER WA CALIFORNIA: NYUMBA, TRENI NA USALAMA, MUSWADA KWA MUSWADA



Wengi wetu tukisikia siasa za Marekani tunawaza Ikulu ya Washington tu. Lakini kodi ya nyumba anayolipa Mmarekani wa kawaida, treni anayopanda kwenda kazini na gari lake alilopaki barabarani, mambo hayo kwa sehemu kubwa yanaamuliwa na bunge la jimbo lake. Leo nawaletea mtu mmoja wa bunge la aina hiyo, Seneta Scott Wiener wa San Francisco, California. Miswada yake nimeipanga kwa mafungu ili mdau ukirudi siku nyingine utafute unachotaka bila kusoma yote.

Mimi sijasomea sheria, nimemaliza sekondari tu. Ila miswada ya California iko wazi kwenye intaneti, yeyote anaweza kuisoma bure, na nikiifuatilia ya huyu jamaa naona jambo moja linajirudia: sheria zake kubwa nyingi zilianza kama muswada uliokufa. Zikafufuka baada ya kupunguzwa makali. Kwa hiyo ishu sio kapitisha mingapi. Ishu ni kakubali kupunguza nini, na nani kapona au kaumia kwa kupunguzwa huko.

JIMBO LA MAREKANI SIO JIMBO LA HUKU

Kwa wasiofahamu, huku Tanzania tukisema jimbo tunamaanisha eneo la mbunge mmoja. Marekani jimbo ni serikali kamili ndani ya shirikisho: lina katiba yake, mahakama zake, gavana wake na bunge lake. California ina watu karibu milioni 39. Bunge lake lina mabaraza mawili. Seneti ina watu 40 wa miaka minne minne, na baraza la chini, wenyewe wanaliita Assembly, lina watu 80 wa miaka miwili miwili. Piga hesabu, seneta mmoja anawakilisha karibu watu milioni moja.

Muswada ukitoka Seneti namba yake inaanza na SB. Unapita kwanza kwenye kamati, halafu kura ya baraza zima, halafu unaanza upya kwenye baraza la pili, mwisho unapelekwa kwa gavana asaini au aukatae. Kupita Seneti kwa kawaida zinatakiwa kura 21. Asiyepiga kura anakuwa kama kasema hapana, maana hesabu inatazama ndiyo tu.

Kuna mtego mwingine: kamati ya fedha. Miswada inayogharimu hela nyingi inawekwa pembeni, halafu siku moja inasomwa haraka haraka, huu unaendelea, huu umebaki. Unaobaki umekufa, na mara nyingi bila mjadala wala maelezo. Kumbukeni hiyo kamati, tutakutana nayo tena.

HUYU JAMAA NI NANI?

Wiener amezaliwa 1970, ni mwanasheria aliyesoma Duke na Harvard, wa chama cha Democratic. Alikuwa mwanasheria wa serikali ya jiji la San Francisco, akachaguliwa 2010 kuingia baraza la jiji hilo, halafu Novemba 2016 akachaguliwa kwenda Seneti ya California. Eneo lake ni San Francisco yote na kipande cha wilaya jirani ya San Mateo. Oktoba 2025 alitangaza kugombea kiti cha Bunge la taifa kilichokaliwa miaka mingi na Nancy Pelosi, na mwezi uliofuata Pelosi mwenyewe akatangaza kwamba hatagombea tena. Ndiyo maana rekodi yake imechambuliwa sana.

NYUMBA: MARA MBILI CHALI, MARA YA TATU IKAPITA

Tuanze na tatizo lenyewe. Kwa miaka mingi, sehemu kubwa ya ardhi ya makazi kwenye miji ya California iliruhusiwa nyumba moja tu ya familia moja kwa kiwanja. Ghorofa la wapangaji hapana, hata kama kituo cha treni kipo hatua chache. Kazi zikaongezeka, nyumba hazikuongezeka kwa kasi hiyo, kodi ya pango ikapaa. Mpango wa nyumba uliotolewa na serikali ya jimbo 2022 ulisema zinahitajika nyumba zaidi ya milioni 2.5 ndani ya miaka minane, na zisizopungua milioni moja ziwe za watu wa kipato cha chini.

Sheria yake kubwa ya kwanza ni SB 35, iliyosainiwa 2017. Inasema hivi: mji ukiwa nyuma ya malengo yake ya nyumba, mradi wa ghorofa unaofuata vigezo vyote lazima upewe kibali bila kuzungushwa kwenye vikao visivyoisha. Mradi wenyewe lazima utenge sehemu ya nyumba kwa watu wa kipato kidogo. Mwaka 2023 ikaongezewa maisha na SB 423 hadi 2036.

Vita kubwa ilikuwa ya maghorofa karibu na vituo.

SB 827 (2018). Ilitaka jimbo lilazimishe miji kuruhusu maghorofa karibu na vituo vya treni na mabasi yanayopita mara kwa mara. Ilikufa kwenye kamati yake ya kwanza Aprili 2018. Halmashauri za miji zilisema tunanyang'anywa madaraka. Hizo zilitarajiwa. Waliompa taabu zaidi ni watetezi wa wapangaji maskini, hasa wa Los Angeles. Wao walisema ukiruhusu ghorofa kwenye mtaa wetu thamani ya kiwanja inapanda, mwenye nyumba anauza, sisi tunatolewa. Nyumba mpya zitakuja ila sio sisi tutakaoishi humo.

SB 50. Akarudi na muswada uliolegezwa, wenye kinga zaidi kwa wapangaji na muda zaidi kwa mitaa ya kipato cha chini. Mei 2019 ukakwama kwenye ile kamati ya fedha. Januari 2020 ukafika mbele ya Seneti nzima, ukapata kura 18 za ndiyo na 15 za hapana. Ndiyo zilikuwa nyingi, lakini zilitakiwa 21. Ukafa.

SB 79 (2025). Mara ya tatu ukapita, na Gavana Gavin Newsom akausaini tarehe 10 Oktoba 2025. Sheria imepangwa kuanza kutumika Julai 1, 2026. Kwenye vituo vyenye huduma kubwa kabisa inaruhusu jengo la hadi futi 95, yaani kama ghorofa tisa, pale pembeni ya kituo. Ukisogea hadi kama mita 400 linashuka kidogo, na mpaka kama mita 800 linashuka tena. Vituo vyenye huduma ndogo vina viwango vya chini zaidi.

NINI KILIPUNGUZWA ILI SB 79 IPITE?

Hapa ndipo penye somo wadau.

Moja, eneo. Sheria inagusa wilaya nane tu zenye vituo vingi vya treni: Los Angeles, San Diego, Orange, Santa Clara, Alameda, Sacramento, San Francisco na San Mateo. Wilaya nyingine zote za jimbo ziko nje.

Mbili, wapangaji. Jengo lenye nyumba zaidi ya mbili zilizo chini ya udhibiti wa kodi, na zilizokaliwa na wapangaji ndani ya miaka saba iliyopita, haliwezi kubomolewa kwa kutumia sheria hii. Hilo ni jibu la moja kwa moja kwa kilio cha 2018.

Tatu, kipato. Mradi wa nyumba zaidi ya kumi lazima utenge sehemu kwa watu wa chini. Kiwango ni asilimia 7 zikiwa za wale wa chini kabisa, na kinapanda kadiri kipato cha walengwa kinavyopanda. Baadhi ya mitaa ya watu wa kipato cha chini, miji imeruhusiwa kuichelewesha.

Nne, mafundi. Majengo yanayozidi futi 85 yamewekewa masharti ya kutumia mafundi waliopata mafunzo rasmi. Baada ya hapo chama kikubwa cha vyama vya mafundi ujenzi kikaacha kuupinga muswada.

Pamoja na yote hayo Baraza la Jiji la Los Angeles lilipiga kura kuupinga, na Meya Karen Bass naye aliupinga. Ukapita kwa taabu hivyo hivyo.

Maoni yangu: wapangaji wa 2018 hawakuwa wajinga wala maadui wa maendeleo. Bila kelele zao kinga ile ya kutobomoa ingekuwa nyepesi zaidi. Lakini na upande wa Wiener una hoja, maana nyumba zikiwa chache maskini ndiye wa kwanza kutolewa, hata asipojengewa ghorofa jirani. Na tusidanganyane, sheria hii haijengi hata chumba kimoja. Inaondoa katazo tu. Kujenga kunategemea riba za benki, bei ya vifaa na mwenye hela zake. Anayetangaza kuwa tatizo la kodi California limekwisha anauza maneno.

USAFIRI: GHOROFA KARIBU NA TRENI, NA TRENI ISIPOKUWEPO?

Swali hilo ni halali kabisa. Treni za BART zinazounganisha San Francisco na miji jirani zilikuwa na safari zaidi ya 400,000 kwa siku ya kazi mwaka 2019, na zilijiendesha zaidi kwa nauli. Korona ikaja, watu wakaanza kufanyia kazi nyumbani, nauli zikaanguka. Hela za dharura zikajaza pengo, lakini za dharura huisha.

Ndipo ikaja SB 63, aliyoiandika pamoja na Seneta Jesse Arreguín, ikasainiwa Oktoba 2025. Sheria hii haitozi kodi yenyewe. Inaruhusu swali la kodi ya mauzo kupelekwa kwa wapiga kura wa wilaya tano kwenye uchaguzi wa Novemba 2026: senti moja kwa kila dola San Francisco, na nusu senti Alameda, Contra Costa, San Mateo na Santa Clara, kwa miaka 14. Hela hizo zimelengwa kwa BART, Muni, Caltrain, AC Transit na wengine.

Angalieni lakini: kodi ya mauzo inamgusa kila anayenunua, maskini na tajiri sawasawa, na kwa maskini sehemu inayochukuliwa kwenye kipato ni kubwa zaidi. Wanaoitetea wanajibu kwamba basi likifutwa, asiye na gari ndiye anayebaki kituoni. Pande zote mbili zinamtaja maskini yule yule.

Kabla ya hapo alikuwa na SB 288 ya 2020 na SB 922 ya 2022, zilizopunguza taratibu ndefu za kimazingira kwa miradi kama njia za mabasi na za baiskeli. Mwaka 2024 ikapita SB 960, inayoitaka idara ya barabara ya jimbo iwafikirie waenda kwa miguu, baiskeli na mabasi inapokarabati barabara zake.

USALAMA: KIOO CHA GARI NA SPIDI

San Francisco ilisifika vibaya kwa kuvunjwa vioo vya magari. Sasa sikieni kituko hiki. Sheria ya zamani ilimtaka mwendesha mashtaka athibitishe kuwa milango ya gari ilikuwa imefungwa. Kioo kimevunjwa, begi limeondoka, lakini mtalii kesharudi kwao na hawezi kuja mahakamani kusema alifunga mlango. Kesi inayumba.

Wiener alijaribu kuziba tundu hilo 2018, ikakwama. Akajaribu 2019, ikakwama tena. Mwaka 2024 SB 905 ikapita na kusainiwa mwezi Agosti. Kuvunja gari kwa nguvu ili kuiba sasa kunatosha kuwa ushahidi. Ikaongeza na kosa la kumiliki mali zilizoibwa kwenye magari kwa nia ya kuziuza, thamani ikizidi dola 950. Wanaolengwa ni wafanyabiashara wa mali za wizi, sio kijana mmoja na begi moja.

Kwenye spidi hakufanikiwa. SB 961 mwanzoni ilitaka magari mapya yawe na kifaa cha kuzuia yasipite kikomo cha spidi kwa zaidi ya maili 10 kwa saa. Ikapunguzwa ikawa kengele tu ya kumwonya dereva, kuanzia magari ya 2030. Hata hivyo Newsom aliikataa Septemba 2024, akisema vigezo vya usalama wa magari ni kazi ya serikali ya shirikisho. Kwa hiyo kupunguza sio dawa ya kila kitu.

Na kwa sisi wa kompyuta: SB 1047, ya usalama wa programu kubwa za akili bandia, ilikataliwa na gavana tarehe 29 Septemba 2024. Mwaka mmoja kamili baadaye, 29 Septemba 2025, gavana huyo huyo akasaini SB 53, nyepesi zaidi, inayotaka kampuni kubwa zitangaze mipango yao ya usalama, zitoe taarifa ya matukio hatari na zisiwaadhibu wafanyakazi wanaofichua. Mchezo ule ule.

MNAVYOWEZA KUFUATILIA WENYEWE

Kwenye tovuti ya Bunge la California fungua muswada wowote, chagua toleo lililorekebishwa. Maneno yaliyoongezwa yanaonekana kwa bluu, yaliyofutwa yanaonekana kwa nyekundu yakiwa yamekatwa mstari. Dakika ishirini za kafe zinatosha. Jina la muswada litakwambia mwanasiasa anataka umsifu kwa nini. Nyekundu itakwambia alilipa nini na alimlipa nani.

Swali langu kwenu wadau: nyumba zikiwa haba, nani aamue ghorofa lijengwe wapi, halmashauri ya mtaa inayowajua wakazi wake, au serikali ya juu inayowaona hata wale ambao bado hawajapata pa kuishi? Tiririkeni.

Naomba kuwasilisha.