Wagika na Wagalu: Ushindani Uliohamia Geita

Mashindano ya ngoma ya Kisukuma, kwa mtindo wake wa zamani, huamuliwa kwa miguu ya watazamaji. Vikundi viwili huingia uwanja mmoja saa ileile, kila kimoja kikashika upande wake, na watu wako huru kuhama. Anayebaki na umati mwishoni ndiye mshindi. Ndiyo maana manju, viongozi wa nyimbo za ngoma, hawakutegemea sauti peke yake. Walileta chatu, walileta fisi, walileta vinyago vya mbao vyenye viungo vya kuchezeshwa. Nyuma ya yote hayo kulikuwa na samba, dawa ya mvuto, ambayo kila upande uliamini mwenzake ameipika kwa siri.

Kambi kuu ni mbili: Wagika na Wagalu. Masimulizi huzirudisha kwa Ngika na Gumha, mafundi wa ngoma na dawa wa karne ya 19 walioshindana hadi wafuasi wao wakarithi ushindani huo. Wapo pia Wayeye na Wagoyangi, wacheza na nyoka, na Wanunguli, wawindaji wa nungu. Lakini katika ngoma za mashindano, swali la kwanza lilikuwa lile lile: wewe wa upande gani?

Swali hilo lilivuka maji pamoja na watu. Geita ya leo ilikuwa sehemu ya Uzinza, na maeneo makubwa yake yalikuwa pori lenye mbung'o. Mashariki ya Ghuba ya Mwanza, huko Kwimba, Maswa na Shinyanga, watu na ng'ombe walikuwa wamebanana. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa maendeleo ya Usukuma, na kufungua ardhi mpya upande wa Geita kulikuwa sehemu yake. Familia zilihama na mifugo yao, zikafyeka, zikapanda pamba. Kuna kinaya kidogo hapa: katika karne ya 19 majembe yaliyolima Usukuma yalitoka kwa wahunzi Warongo wa huko huko Uzinza. Sasa wakulima waliyafuata majembe kwao.

Na jembe lina ngoma yake. Bugobogobo huchezwa na wakulima wanaorusha majembe hewani na kuyadaka, ngoma kubwa ikiwasukuma. Kabla ya kuwa burudani, mdundo huo ulikuwa kazi. Vijana walijipanga mstari shambani, wakalima kwa pigo moja, na mwenye shamba akawalipa kwa chakula au mnyama wa kuchinja. Kwa mhamiaji aliyekabidhiwa pori na ambaye ndugu zake wamebaki ng'ambo, kikundi cha namna hiyo kilikuwa nguvukazi, na kilikuwa ukoo wa dharura. Mgika aliyetoka Kwimba alimkuta Mgika mwenzake, akapata mahali pa kuanzia.

Wahamiaji wengi duniani hutumia ngoma kujikusanya. Wagiriki wa Melbourne huwafundisha watoto wao kalamatianos, wakishikana mikono katika mstari unaozunguka, kila hatua ikisema sisi ni wamoja. Wasukuma wa Geita walifanya kinyume: walihama na mgawanyiko wao. Ili uwe Msukuma kamili ugenini ulihitaji mpinzani, mtu wa upande wa pili anayezijua nyimbo zako kiasi cha kukujibu kwa kejeli inayouma.

Wamisionari wengi hawakupendezwa. Dawa, nyoka na matusi ya nyimbo vilinuka upagani kwao. Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alichukua njia nyingine. Huko Bujora, karibu na Kisesa, ambako alianza kazi miaka ya 1950, aliwaingiza wachezaji hadi uani mwa kanisa. Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo ikawa Bulabo, na Wagika na Wagalu wakapata uwanja wa kukutana kila mwaka baada ya mavuno. Makumbusho ya Wasukuma yakasimama hapo hapo.

Baada ya uhuru taifa nalo liliitaka ngoma hii. Bugobogobo iliingia katika vikundi vya serikali na ikafundishwa katika chuo cha sanaa cha Bagamoyo, ikichezwa na vijana wa makabila yote. Ilipata heshima, lakini ilipoteza kitu kikubwa. Jukwaani kuna kikundi kimoja tu, na watazamaji wamekaa vitini. Hakuna anayeweza kuhamia upande wa pili. Majembe yanarushwa vizuri, pengine vizuri kuliko kule vijijini, ila hakuna wa kushindwa. Bujora, wakati wa Bulabo, bado kambi mbili hukabiliana, na mtazamaji aliyechoshwa na Wagalu hugeuka tu akaenda kwa Wagika.