Kutoka Uani Hadi Ukumbini: Mahali pa Harusi katika Fiqhi na Historia

Katikati ya mwaka, pamba inapouzwa, harusi huongezeka katika vijiji vya Mkoa wa Simiyu. Katika sehemu kama Kimali swali la wazee lilikuwa ni ng'ombe wangapi. Siku hizi limeongezeka swali la pili, na mara nyingi ndilo linalochukua vikao vingi zaidi: harusi ifanyike wapi? Nyumbani chini ya turubai, au mjini Bariadi katika ukumbi wa kukodi? Tangu Simiyu ifanywe mkoa mwaka 2012, na Bariadi kuwa makao makuu yake, mji umepanuka, na familia ambayo zamani isingefikiria kukodi ukumbi leo huona haya kutokukodi.

Makala hii haikusudii kuharamisha ukumbi. Hilo halina dalili, na asili ya vitu ni kuruhusiwa. Tunachotaka ni kutazama harusi zilifanyiwa wapi katika zama za Mtume (s.a.w.), maulamaa walisema nini, na ukumbi uliingiaje katika nchi yetu. Katika safari hiyo kuna jambo limebadilika ambalo wengi wetu hatulioni, nalo ni mlango: nani anaingia, na kwa idhini ya nani.

NGUZO NA MAHALI

Katika madhehebu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea Afrika Mashariki, nguzo za ndoa ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili, na tamko la kuozesha na kukubali. Mahali hapamo. Ndoa inayofungwa chini ya mwembe ni sawa kabisa na inayofungwa katika msikiti wa jiji.

Ipo hadithi iliyopokewa na Tirmidhi kutoka kwa Bibi Aisha (r.a.), inayoamrisha ndoa itangazwe, ifungwe misikitini na ipigiwe dufu. Tirmidhi mwenyewe ameeleza kwamba katika wapokezi wake yumo Isa bin Maymun, naye ni dhaifu. Hata hivyo maulamaa wengi wamependekeza akdi ifungwe msikitini kwa ajili ya baraka, na wafuasi wa Imam Malik wakasema ni jambo linaloruhusiwa tu. Hapana aliyesema ni sharti. Basi anayemwambia mwenzake kwamba ndoa yake "haikunoga" kwa kuwa ilifungwa barazani, huyo anazungumzia mambo ya watu, hazungumzii fiqhi.

Walima ni jambo jingine. Akdi huchukua dakika chache. Walima ndiyo yenye gharama, na ndiyo inayotafutiwa mahali. Mtume (s.a.w.) alipomwona Abdurrahman bin Auf (r.a.) ana alama ya manukato na kujua kwamba ameoa, alimtaka afanye walima walau kwa mbuzi mmoja. Hakumuuliza atafanyia wapi.

WALIMA TATU

Tazama walima za Mtume mwenyewe. Alipomuoa Bibi Zaynab bint Jahsh (r.a.), alichinja mbuzi, watu wakala mkate na nyama. Katika riwaya ya Muslim, Ummu Sulaym, mama yake Anas, alipeleka pia chakula cha tende na samli, na Anas akatumwa awaite aliowataja Mtume na kila atakayekutana naye njiani. Wakaja watu wapatao mia tatu. Chumba hakikuwatosha, na hakukutafutwa kikubwa zaidi. Waliamrishwa wakae duara, watu kumi kumi. Wakishiba hawa wanatoka, wanaingia wengine. Usiku huo ndipo baadhi ya watu walipobaki wakizungumza mpaka ikawa taabu kwa mwenye nyumba, ikateremka aya ya 53 ya Suratul Ahzab kuwafundisha waalikwa adabu ya kuondoka wakishakula. Kwa hiyo mas-ala ya nafasi finyu na wageni wasioondoka si mapya, na hayakutatuliwa kwa kuupunguza umma mlangoni.

Ya pili ni walima ya Bibi Safiyya (r.a.), mwaka wa 7 Hijria, njiani kati ya Khaybar na Madina. Anas anasimulia kwamba haikuwa na mkate wala nyama. Zilitandikwa ngozi, kila mwenye tende, jibini na samli akaleta, vikachanganywa. Hiyo ndiyo walima ya kiongozi aliyetoka kushinda vita, na mahali pake ni kambi ya wasafiri.

Ya tatu haitajwi sana katika mawaidha yetu. Mwaka huohuo wa 7, katika Umra ya kulipa, Mtume (s.a.w.) alimuoa Bibi Maymuna (r.a.). Kwa mujibu wa sira ya Ibn Hisham, siku tatu za mapatano zilipokwisha, Makuraishi walikuja kumtaka atoke Makka. Akawaambia: mna dhara gani mkiniacha nikafanya harusi yangu kwenu, nikawapikieni chakula mkaja kula? Wakajibu kwamba hawana haja na chakula chake. Akatoka, na harusi ikakamilika Sarif, nje ya mji. Msomaji aangalie hapo nani alikuwa anaalikwa. Walikuwa ni watu waliompiga vita, na hata hao alitaka waje wale.

Kwa roho hiyo ndiyo tunaielewa hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) katika Bukhari na Muslim, kwamba chakula kibaya mno ni cha walima wanayoalikwa matajiri na kuachwa masikini. Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277) katika Minhaj, kitabu kinachodarisishwa katika vyuo vyetu vya pwani na bara, ameeleza kwamba kuitikia mwito wa walima ni wajibu, lakini kwa masharti. La kwanza analolitaja ni kwamba mwalikaji asiwe amewahusisha matajiri peke yao. Likikosekana, mwalikwa hana wajibu wa kwenda. Sharti jingine ni kutokuwepo munkari mahali hapo. Akijua kwamba kuwapo kwake kutauondoa, ahudhurie.

Na katika mapambo kuna kisa cha Abu Ayyub al-Ansari (r.a.) alichokitaja Bukhari. Aliitwa na Abdullah bin Umar (r.a.) kwenye walima, akaona kuta zimefunikwa mapazia. Ibn Umar akajitetea kwamba wanawake wamewashinda nguvu. Abu Ayyub akasema kwamba angeweza kumhofia mwingine kwa hilo, si yeye; akaapa hatakula, akarudi. Leo mapazia ya ukumbini yana fundi wake na bei yake, na utetezi wetu ni uleule wa Ibn Umar. Hata hivyo ni lazima tuseme kweli, kwamba akina baba nao siku hizi wanayapenda mapambo hayo kama akina mama, kisha lawama huwatupia wao.

PWANI NA BARA

Katika miji ya Waswahili harusi ilikuwa na mahali pawili: wanaume msikitini au barazani kwa akdi, wanawake ndani na uani. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake katika Desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903, ameeleza kwa urefu mambo ya posa, akdi na fungate, na yote hayo hayatoki nje ya nyumba na mtaa. Nyumba ikijaa, ya jirani ilifunguliwa. Sufuria zilipangwa uani, majamvi yakatandikwa njiani. Mpita njia aliyesikia harufu ya pilau hakuhitaji kadi.

Tusidhani lakini kwamba zamani hapakuwa na israfu. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake wa Kiislamu wa Mombasa, ameonyesha jinsi vyama vya lelemama vilivyoshindana katika ngoma na harusi, na mali iliyoteketea humo. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha jarida la Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wa Mombasa waache kupoteza mali katika desturi zisizo na asili. Usukuma nako, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilikuwa vikishindana baada ya mavuno. Kushindana kulikuwapo. Tofauti ni kwamba kulifanyika hadharani, na masikini alikuwa mtazamaji, mara nyingi na mlaji pia.

Ukumbi ulikuja kwa njia nyingine. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilijenga vituo vya ustawi wa jamii mijini. Dar es Salaam ikapata ukumbi wa Arnautoglo pale Mnazi Mmoja, na ukumbi wa Diamond Jubilee, ambao jina lake linatokana na jubilei ya Aga Khan wa Tatu iliyoadhimishwa mjini humo mwaka 1946. Majumba hayo yalijengwa kwa mikutano, michezo na madarasa. Baadaye kila makao makuu ya wilaya yakawa na ukumbi wa chama au wa halmashauri, na harusi za watumishi wa serikali waliohamishiwa bara, walio mbali na nyua za wazazi wao, zikahamia humo. Hapo ukumbi ulikuwa unatatua shida ya kweli: mwalimu au karani wa chumba kimoja cha kupanga atawakalisha wapi wageni mia mbili? Ulipokuja wakati wa kumbi za watu binafsi na hoteli, kilichokuwa dawa ya asiye na ua kikawa alama ya heshima hata kwa mwenye ua mpana kama wa Kimali, ambako nafasi ndiyo kitu kisicho na bei.

Pamoja na ukumbi ikaja kamati. Kamati ina mwenyekiti, mweka hazina, bajeti na kadi za mchango. Na kadi ya kuingilia hupewa aliyechanga, "single" au "double" kulingana na kiasi. (Vikao vya kamati hizo, hata za Waislamu, mara nyingine hufanyika baa, jambo la kustaajabisha peke yake.) Hapa ndipo mlango ulipobadilika. Aliyealikwa amekuwa mnunuzi wa kiti. Jirani aliyemlea bibi harusi, asiye na uwezo wa kuchanga, husikiliza muziki kwa mbali, au hubaki kijijini kwa kukosa nauli ya kwenda mjini. Hadithi ya Abu Hurayra haikuhitaji mfano ulio wazi kuliko huu.

NG'OMBE WA NANI?

Usukuma kuna mas-ala ambayo pwani hayapo kwa sura hii. Hans Cory, aliyeandika juu ya sheria na mila za Wasukuma mwaka 1953, ameyaeleza mahari ya ng'ombe kuwa ni jambo la ukoo, na Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 (G.N. 279) likaandika kwamba mahari hutolewa kwa baba wa binti. Katika Uislamu aya ya 4 ya Suratun Nisaa inaamrisha wapewe wanawake wenyewe; kisha wakitoa sehemu kwa ridhaa ya nafsi zao, ndipo wengine wale kwa raha.

Sasa baba wa Kiislamu anapouza ng'ombe wanne waliotajwa katika akdi kuwa mahari, ili alipie ukumbi wa Bariadi, anauza mali ya nani? Ikiwa wametajwa kuwa mahari, ni mali ya binti, na kunyamaza kwake mbele ya wajomba na baba zake wakubwa si ridhaa. Ikiwa ni zawadi ya wakwe kwa wazazi, mbali na mahari, hilo lielezwe kabla ya akdi na liandikwe. Tumeona familia nyingi zikitaja katika akdi kiasi kidogo cha fedha, huku ng'ombe wakibaki "mambo ya mila", na hapana aliyemuuliza binti.

Sheria ya nchi nayo haikudai ukumbi. Sheria ya Ndoa Na. 5 ya mwaka 1971 inatambua ndoa iliyofungwa kwa utaratibu wa Kiislamu. Inataka taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa, na mashahidi wasiopungua wawili. Kifungu cha 41 kinasema ndoa iliyotimiza masharti mengine haibatiliki kwa kuwa desturi za mahari au zawadi hazikufuatwa. Wanaosumbuka na ukumbi miezi sita mara nyingi huzikumbuka siku 21 wakiwa wamebakiwa na kumi.

MCHANGO: HIBA AU DENI?

Limebaki swali tunaloulizwa zaidi kuliko yote. Mtu alikuchangia harusi, naye akioza usipomchangia, je, anakudai? Maulamaa wa Kishafii walilizungumza zamani kwa jina la nuqut, yaani fedha zinazotolewa katika furaha. Limetajwa katika Tuhfa ya Ibn Hajar al-Haytami na katika I'anatut Talibin. Wako waliosema ni kama mkopo, mtoaji au mrithi wake anaweza kuudai. Na wako waliosema ni hiba, hairudishwi.

Wenye kupima jambo hili wakalirudisha kwenye ada ya mahali, kwa kuwa ada ni hakimu pasipo na tamko. Ikiwa watu hutoa bila kuandika wala kungoja, ni hiba. Ama kamati zetu zina daftari: jina, kiasi, tarehe, na siku hizi ujumbe wa simu unaothibitisha malipo. Daftari hilo huhifadhiwa na familia, na hufunguliwa mtu anapoleta kadi yake ili ijulikane alitoa ngapi. Penye ada kama hiyo, kauli ya mkopo ina nguvu. Maana yake ni kwamba bwana harusi aliyechangiwa na watu mia tatu kwa ajili ya usiku mmoja ametoka ukumbini akiwa na madeni mia tatu, na akifa kabla ya kuyarudisha, warithi wanapaswa kulitazama daftari kabla ya kugawa mirathi. Anayetaka kutoa hiba basi na aseme hivyo anapotoa, na mweka hazina aandike neno hilo mbele ya jina lake.